Chenga za Kikaangoni

Jumatatu, 1 Septemba
Ndoo mbili za sangara zimeisha kabla ya saa nane. Siku hizi bodaboda ananiletea samaki hadi hapa Mukendo, sinyanyuki kwenye kigoda tangu asubuhi. Kesho kupima damu. Daktari kasema nisile kitu kuanzia leo jioni. Naogopa.

Jumanne, 2 Septemba
Nimetii. Hata chai ya rangi sikunywa. Nimekaanga kidogo kwanza, wateja wa asubuhi hawasubiri, kisha hospitali. Nikajisifu kwa kufunga.

Alhamisi, 4 Septemba
Majibu mabaya. Mafuta kwenye damu yamepanda mno. Kolesteroli nzuri, ile inayosaidia kusafisha mishipa, iko chini. Daktari kauliza kama kwetu kuna aliyepata kiharusi. Mama. Alianguka Bugwema akipalilia muhogo, hakusema neno tena. Alikuwa na umri wangu huu.

Jumamosi, 6 Septemba
Sina usingizi. Samaki nimewaacha kabisa, ugali kwa chumvi. Nina hasira na kila mtu. Wifi Bhoke, dada wa mume wangu, kaja kutoka Butiama kunitia moyo. Kakaa karibu na jiko, anaangalia mkono wangu. Mchana kaniuliza nimekula nini. Nikasema sijala kitu.
"Na hizo chenga za kikaangoni? Wewe huonji, wifi. Unakulaga."
Nilitaka kumjibu vibaya. Mdomo ulikuwa umejaa.

Jumatatu, 8 Septemba
Nimeungama kwa daktari. Aibu tupu. Asubuhi ile ya kipimo nilikuwa nimeshakula, tena vya mafuta. Kacheka mpaka kavua miwani. Kipimo kimerudiwa, jiko kashika Bhoke.

Jumatano, 10 Septemba
Nimepumua. Mafuta yamezidi kidogo tu. Kolesteroli nzuri bado iko chini, hapo chenga si kisingizio. Daktari kasema samaki nile, wa kuchemsha. Mafuta ninayorudia kukaangia wiki nzima niyamwage. Nitembee. Nimelia njiani kwa furaha, watu wakinitazama.

Ijumaa, 12 Desemba
Miezi mitatu ya kwenda mwaloni, samaki wanakoshushwa, kwa miguu na kurudi na ndoo kichwani. Magoti yamenichukia. Leo kolesteroli nzuri imepanda. Si sana. Imepanda.
Nimempigia Bhoke. Hakunitania. Alikuwa analia, kumbe naye aliogopa muda wote huu. Nikakaa kwenye benchi la nje ya hospitali, simu sikioni, mpaka alipomaliza.