Nungunungu Wangu Kwenye Fulana za Wizi

Dada yangu mpenzi,

Mama hajambo, goti limepoa, na paka wako amezaa tena.

Juzi mwanamke mmoja alinijia amembeba mwanawe aliyejaa vipele mgongoni. Fulana ya mtoto ilikuwa na yule nungunungu ninayemchora vitabuni, na jina langu chini yake.

"Rangi yako imemchoma mwanangu!" alinifokea.

Sijampa mtu yeyote ruhusa ya kumchapa nungunungu huyo kwenye nguo. Nilimbana muuzaji wa fulana hiyo mpaka akanipeleka karakana, nikamkuta mumeo ndiye anayechapa.

"Udugu ni kufaana, shemeji, si kufanana," akasema huku anacheka.

Nikatema mate mlangoni pake.

Nimemshtaki, dada. Ukija mahakamani, chagua mwenyewe benchi la kukaa.

Mdogo wako, mchoraji