Kisu Nilichokifunga

Mama yangu,

Naandika nimesimama. Karatasi iko juu ya meza ya kazi, kati ya jiliwa la kubania vyuma na kopo la misumari, na kila nikimaliza sentensi mbili nazunguka karakana kutafuta kitu ambacho sijakipoteza. Ulikuwa ukisema nitazikwa nimesimama. Kila uliponiletea chai ulisukuma kigoda kwa mguu ukaniambia, "Kaa chini, chai haikimbii." Mimi nainywa mlangoni, begi liko begani.

Paulina ameondoka, Mama. Kitindamimba wako amekwenda kwa watu, tumemsindikiza Jumamosi, na nitakusimulia. Lakini si hilo linaloninyima utulivu. Ni kisu cha Baba.

Unakijua. Kile cha kukunja, mpini mweusi, bapa limelika kwa kunolewa hadi likawa jembamba kama jani la kitunguu. Babu alimpa alipooa. Wanaume wakikusanyika penye nyama kila mmoja hutoa chake mfukoni, anakifungua, tak, ndipo mazungumzo yanaanza. Tangu nizaliwe sikuwahi kumwona Baba akiazima kisu cha mtu.

Halafu kiharusi kikampiga upande wa kulia. Alilazwa hospitali ya Haydom, akarudi nyumbani anatembea, anaongea, anawatukana mbuzi kama zamani, ila mkono wa kulia ukabaki unaning'inia tu. Sisi watoto tukamshukuru Mungu, tukarudi makazini. Hakuna aliyejiuliza mtu mwenye mkono mmoja anafunguaje kisu cha kukunja. Wewe ulijiuliza.

Asubuhi ile nilikuwa nimekuja nyumbani Gendabi mara moja, kwa haraka zangu zile, mguu mmoja ndani mwingine kituoni. Nikakukuta umeinama mlangoni. Ulikuwa umetandaza kipande cha ngozi juu ya kigoda cha Baba, na juu ya ngozi kisu kiko wazi. Mimi fundi, niliyefundishwa chuoni kwamba kifaa chenye makali hakiachwi wazi, nikakurukia.

"Mama, kisu kinaachwa hivi? Watoto wa jirani wakija kukishika?"

Nikakikunja. Ukaniangalia.

"Kiache kilivyokuwa," ukasema.

Nikacheka, nikakirudisha kwenye ngozi kimefungwa, nikakimbilia basi. Niliwapita Baba na mgeni wake wakitoka ndani, wanakwenda Dirma kwenye mahari ya mtoto wa rafiki yao. Baba akakizungushia ngozi bila kukitazama, akakitia kwenye koti. Mbele ya mgeni ungesema nini? Jioni uliniambia kwa simu kwamba alirudi na njaa. "Anasema nyama ilikuwa ngumu," ukasema. Nikaamini. Mtu mzima na akili zangu, nikaamini.

Mvua za mwaka huu zilipoanza, ukatuacha. Siku zote za matanga Baba alikunywa mchuzi tu. Watu walisema ni uchungu, nami nikasema ni uchungu.

Wiki tatu baadaye nilimkuta nyuma ya zizi. Alikuwa amekibana kisu katikati ya magoti, ameinama, anavuta bapa kwa meno. Mdomo ulikuwa unatoka damu. Nikasimama pale nisijue nirudi nyuma au niende mbele, mwisho nikasema kwa sauti ya juu kama ndio nafika, "Shikamoo Baba!"

"Marahaba," akasema, akajifuta kwa bega. "Basi limewahi leo."

Nikashika nguzo ya zizi. Ndipo nikakuona tena umeinama pale mlangoni na ngozi yako. Kila asubuhi, Mama. Kila asubuhi ulikuwa unamfungulia mume wako kisu, unakiweka mahali anapopita, ili akiokote mwenyewe na asimwombe mtu yeyote, hata wewe. Na mimi nikaja na elimu yangu ya chuo nikakifunga.

Nilimletea kisu cha jikoni, kipya, chenye ala yake. Alikitazama kwa muda. "Hiki ni cha vitunguu," akasema, akanirudishia.

Mambo yangeishia hapo kama si send-off ya Paulina, sherehe ya kumuaga. Unajua baba wa binti ndiye anayekata ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, na kipande cha kwanza anawapa wakwe kwa mkono wake. Baba akatangaza kwamba Baba Mdogo atakata. Alisingizia mkono wa kushoto, kwamba kumpa mkwe nyama kwa kushoto ni matusi. Paulina akalia siku mbili. "Kama Baba hakati, mimi siendi," akaniambia, na wewe unamjua Paulina, kichwa chake ni chako.

Nikarudi karakanani kwangu Haydom nikaanza. Nilichukua tupa kuukuu, nikaichoma kwenye mkaa, nikaifukia kwenye majivu ipoe taratibu mpaka chuma kikalainika, nikachora bapa na kukata. Karakanani nina mashine ya kusagia lakini kazi hii niliifanya kwa mkono, maana mashine ina haraka kama mimi, na haraka zangu zilishaharibu vya kutosha. Nikakichoma tena chuma, nikakizamisha kwenye oili chafu ya gari kikakaza. Mpini nikautoa kwenye pembe la yule ng'ombe wako mwekundu tuliyemchinja kwenye msiba. Ubavuni mwa bapa nikaweka kishikizo kidogo cha shaba, cha kusukuma kwa dole gumba, kisu kifunguke kwa mkono mmoja. Ndani springi ya kukishika kisijifunge. Pini ya katikati ilinitesa. Ukiikaza sana bapa haliendi, ukiilegeza linafunguka lenyewe mfukoni. Koti langu la kazi lina tundu la kuthibitisha.

Kilipokubali, nilikifungua na kukifunga mara mia. Tak, tak. Nikapanda basi nimejaa sifa.

Baba akakipokea kwa mkono wa kushoto. Dole gumba lake likatafuta kishikizo, likakuta pembe tupu. Kishikizo kilikuwa upande wa pili. Mama, mwanao alitengeneza kisu cha mtu mwenye mkono wa kushoto, na mara zote mia akakijaribu kwa mkono wake wa kulia!

"Ni kizuri," Baba akasema, akakiweka mezani taratibu, kama mtu anayerudisha sahani ya mgeni.

Zilibaki siku kumi na moja. Kabla ya kuondoka nilimwomba aweke mkono wake wa kushoto kwenye karatasi ya daftari, nikauzungushia kalamu, kila kidole. Alikubali bila kuuliza. Nilipofika Haydom nikajifunga mkono wa kulia kiunoni kwa kanga yako ya bluu, nikafanya kazi hivyo, nikahamisha kishikizo cha kisu upande wa dole gumba lake. Wateja walicheka. Mmoja aliyeleta toroli lake akaniuliza kama nimevunjika, nikamwambia bado. Siku ya kwanza nilishindwa kufunga vifungo vya shati. Nilishindwa kumenya kiazi. Mkanda wa suruali ulinichukua muda mrefu nikawa natokwa jasho na machozi. Baba alikuwa anatoka nyumbani vifungo vyote vimefungwa, mkanda umekaa, viatu vimefungwa kamba, nasi tunamsifu, "Baba amepona vizuri." Sikuwahi kujiuliza ni nani aliyekuwa anampigia magoti miguuni kila asubuhi. Hukuwahi kulalamika hata kwenye simu, na mimi sikukuuliza. Hilo linaniuma kuliko kisu.

Ijumaa nikampelekea Baba kisu. Jumamosi MC aliita, "Baba mzazi wa binti!" Baba Mdogo alishasimama, ameshika kisu cha kamati kilichofungwa utepe wa dhahabu. Baba akamgusa bega, akampita. Akaingiza mkono wa kushoto kwenye koti. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma karibu na masufuria, naikaza na kuilegeza ile pini kichwani.

Tak.

Akakata. Akainua kipande akawageukia wakwe, akasema, "Wakwe zangu, mniwie radhi. Huu wa kulia umestaafu, kazi zote umemwachia mdogo wake." Watu walicheka. Mzee wa upande wa wakwe akapokea kwa mikono miwili, kisha akaomba akitazame kisu. Kikazunguka meza nzima.

"Umekipata wapi, mzee?"

"Kwa fundi wangu wa Haydom," Baba akasema. "Ni yule pale kwenye masufuria, asiyejua kukaa."

Paulina akalia tena, safari hii huku akicheka. Nilidhani kazi imekwisha, Mama. Nilidhani nitalala.

Jumapili asubuhi nilitoka ndani nikakuta ngozi yako imetandazwa kwenye kigoda. Juu yake kile kisu cha zamani. Kimefungwa. Kipya kilikuwa mfukoni mwa Baba, nilikiona kimevimba kwenye koti. Nikazunguka uani mara tatu. Nikaenda kuteka maji ambayo hayakuhitajika. Mwisho nikamuuliza, "Baba, hiki cha zamani nikutunzie kabatini?"

"Kiache hapo," akasema, akaingia ndani.

Nikapiga magoti. Nikatia ukucha kwenye mfuo wa bapa, nikakifungua, nikakilaza kwenye ngozi kama nilivyokukuta ukifanya. Baba akatoka. Akasimama akikitazama. Akakizungushia ngozi, akakitia mfuko wa pili wa koti, akaenda kwa ng'ombe. Na Jumatatu nikapanda basi, maana ndivyo nilivyo.

Leo Jumatano sijanyoosha hata bati moja. Najiuliza Baba alikuwa anakuwekea wewe kisu kile au ananiwekea mimi, na asubuhi ya jana nani alikifungua, na ya leo. Nimesitisha barua hii nikampigia.

"Baba, kisu cha zamani kiko wapi?"

"Kwenye kigoda."

"Kimefunguliwa?"

Nikasikia mbuzi.

"Kimefungwa," akasema. "Wewe njoo Jumamosi. Kisu hakikimbii."

Mama, nimegeuza ndoo ya rangi nikaikalia. Mistari hii ya mwisho nimeiandika nimekaa chini. Pumzika sasa, mlango wa Baba nitauinamia mimi.

Ni mimi binti yako,
yule wa chai ya mlangoni