Baba Atakaa Wapi Nikishika Usukani

Itumba, Ileje,
Mkoa wa Songwe.
14 Juni 2025

Mpendwa wifi Agnes,

Nianze na salamu, nisije nikakupa nafasi ya kusema kaka yako alioa mwanamke asiye na adabu. Hujambo wewe, shemeji na watoto? Huko Bukoba nasikia senene hawajafika, basi vumilieni. Sisi huku tuna baridi ya Juni. Asubuhi mafuta ya kupikia yameganda, na mpishi naye ameganda. Mimi ni mzima, isipokuwa magoti, na hayo ulishayacheka tangu zamani.

Moses hajambo. Yuko JKT mpaka mwisho wa mwaka, na barua yake ya mwisho ilisema kakonda. Nilifurahi kidogo, Mungu anisamehe, maana mtoto yule alikuwa anakula kama ukoo mzima.

Baba yenu si mzima. Nalisema mapema kwa sababu najijua, ningelizunguka mpaka karatasi iishe. Ule uvimbe wa shingoni umepungua tangu aanze dripu za Mbeya, lakini yeye mwenyewe amepungua zaidi. Suti yake ya kanisani sasa inamvaa yeye. Daktari amesema dawa zinafanya kazi, ila asiruke hata zamu moja. Kila baada ya wiki nne awe kitandani kule. Akiruka, uvimbe unarudi na hautasikia tena dawa. Zamu ijayo ni tarehe saba Julai.

Basi limemshinda. Ile foleni ya malori pale Mpemba unaikumbuka, basi linaweza kusimama mpaka abiria wazoeane kama ndugu. Baba akitoka kwenye dripu anatapika, na mara ya mwisho alitapika mbele ya watu hadi akavua kofia kuomba radhi. Tangu siku ile tunatumia pikapu ya marehemu kaka yako. Kijana Clever alikuwa akiendesha, baba anakaa mbele naye, mimi nyuma juu ya mzigo wa blanketi. Nilikuwa nashuka Mbeya nimejaa vumbi kama gunia la kahawa, lakini baba anafika mzima.

Clever ameondoka. Amepata lori la kwenda Kongo, na siwezi kumlaumu. Tumetafuta wengine. Mmoja alikuja amelewa saa mbili asubuhi. Mwingine alitupeleka mara moja, naye Tunduma ikammeza. Dereva huku mlimani hakai, wifi, malori yanamwita.

Ndipo mimi, mwanamke niliyewahi kuanguka na baiskeli iliyosimama, nikaamua kujifunza gari. Usicheke kwanza. Mwalimu Fanueli huja hapa Itumba kila Jumamosi na gari la shule yake ya Vwawa. Leseni ya kujifunzia ninayo, na picha yangu pale inafanana na mtu aliyekamatwa na mahindi ya watu. Siku ya kwanza niliondoka breki ya mkono ikiwa imevutwa. Siku ya pili nilizima gari mara nyingi hadi mbwa wa dukani wakaacha kubweka. Mwalimu aliniambia, "Mama Moses, unaendesha kama unapalilia. Inua macho, magugu hayapo kwenye boneti." Ni kweli, wifi. Maisha yangu yote nimetazama hatua moja mbele ya jembe.

Sasa Fanueli anasema kwa Jumamosi hizi nitakuwa tayari Krismasi. Mtihani wa trafiki ni tarehe thelathini mwezi huu. Kama nautaka huo, niende Vwawa wiki mbili za kozi ya haraka, asubuhi hadi jioni, barabara kuu yenyewe katikati ya malori, kurudi nyuma, kuondoka mlimani, kila kitu. Inaanza keshokutwa, Jumatatu. Nimekaa na jambo hili siku nyingi bila kujibu, na Fanueli anadhani naogopa malori.

Malori nayaogopa, lakini hayakuwa sababu.

Wewe ni binti wa nyumba hii, mambo ya ukwe uliyakuta na hayakukugusa. Mimi yamenigusa tangu siku niliyoingia. Baba akikohoa njiani, natoka njiani. Kiti alichokalia sikikalii. Jina lake silitamki. Hajawahi kunisemesha, wala mimi yeye. Akitaka chumvi humwambia Mzee Mbonile, rafiki yake anayekuja kumwogesha, naye Mbonile ananigeukia kunipa ujumbe ambao nimeshausikia, maana niko hatua mbili tu na chumvi mkononi. Najua nyumba nyingi wameacha. Mchungaji mwenyewe alimwambia baba kwamba si dhambi kukaa na mkamwana wako. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia Mbonile kwamba mchungaji ni mtoto mzuri ila amezaliwa juzi.

Kwa hiyo fikiria, wifi. Pikapu ina kiti kimoja kirefu mbele. Dereva akiwa Clever, ninayepanda nyuma ni mimi. Dereva nikiwa mimi, anayepanda nyuma ni baba. Nimepanda kule nyuma mwezi huu huu wa baridi, mimi mwenye nyama, nikashuka sihisi vidole. Yeye hana kitu cha kuzuia upepo. Hiyo ndiyo leseni ninayokwenda kuitafuta. Nijifunze kwa bidii, nifaulu, halafu nimtazame baba yenu kwenye kioo akitetemeka huku mguu wangu ndio unaokanyaga mafuta.

Nilifikiri sana. Nikafika mahali pa kumuuliza Fanueli kama mtu anaweza kutundika kanga katikati ya gari, pazia, dereva huku na abiria kule. Alinitazama kama niliyemuuliza kama gari linaweza kukamuliwa. Kisha akaona sicheki. Akaniambia taratibu kwamba pazia litanificha kioo chote cha kushoto, na katika barabara ile lori linakuja kutoka upande usioutazama. Akasema, "Utamstiri mzee, mama, halafu utamzika." Pazia likafia hapo.

Mbonile, kwa huruma yake, akajitolea kukaa kati yetu. Alikwenda kumwambia baba, nami nilikuwa uani naanika maharage, nikasikia kila neno. Baba alimjibu hivi, "Wewe ni rafiki, Mbonile. Rafiki si ukuta. Angekuwepo Moses, au Agnes, damu yangu, akakaa pale kati, ningekaa mbele nikafika. Hawapo. Basi niwekeni nyuma."

Nimeyaandika kama yalivyo. Sikuongeza hata chumvi.

Juzi Alhamisi mambo yakageuka tena. Nilikuwa nafagia upenuni, upande wa dirisha lake, Mbonile ameshaondoka. Nikasikia kikohozi, nikaanza kujiondoa kama kawaida. Akaniita.

Wifi, aliniita mimi. "Mama Moses." Ufagio ulianguka. Sikujua niuangalie ukuta, nichuchumae, au nikimbie. Nilichuchumaa. Sauti yenyewe ilikuwa nyembamba, uvimbe umeila.

Akasema, "Nasikia wanakutaka Vwawa. Nenda ukajifunze hilo gari vizuri. Wanangu wa kunirudisha kutoka Mbeya wameisha. Nikifia kule, msikodi mtu. Nilaze nyuma unilete mwenyewe, taratibu, kwa njia ya mchana. Maiti hana mkwe."

Nilitaka kumjibu. Nilitaka kumwambia kwamba sijifunzi kwa ajili ya safari hiyo. Lakini ulimi uliofungwa tangu ujana haufunguki kwa kuitwa mara moja. Akadhani nimekubali, akageukia ukuta. Nilisikia kitanda kikilia.

Ningekupigia simu, lakini nyumba hii unaijua, ukizungumza jikoni baba anajibu chumbani. Na kwa simu ungenikatiza, ungelia, mimi ningelia, na vocha ingeisha tukiwa bado kwenye salamu.

Basi nimeamua. Keshokutwa alfajiri naondoka kwenda Vwawa. Elina, jirani wa kule mtoni, atampikia baba uji, Mbonile atalala naye. Naacha mgonjwa wiki mbili, lakini nikibaki hapa, tarehe saba itatukuta tukitazamana na pikapu. Nikifeli mtihani, utakuwa na utani wa kunitania mpaka uzeeni, na nitaustahili. Sina mpango wa kufeli.

Kilichobaki ni chako. Omba ruhusa kazini, shemeji abaki na watoto, upande basi. Hata siku nne tu, uwe hapa tarehe sita. Mimi nitashika usukani, baba akae dirishani na blanketi lake, wewe kati. Hutafanya kazi nyingine yoyote. Kila baada ya wiki nne siwezi kukuomba, najua, ila ukija hii ya Julai tutakuwa tumesogea, na zamu inayofuata baridi itakuwa imeanza kuondoka.

Usipokuja sitakununia. Leseni nitakuwa nayo, na baba nitambeba nyuma kama alivyotaka. Kwanza akiwa hai.

Nisalimie shemeji, mwambie nimemkopa mke. Wabusu Violet na Andongwisye. Elina anakusalimu, na Mzee Mbonile anauliza kama bado unaimba sauti ya kwanza. Baba hakutuma salamu kwa sababu hajui ninaandika.

Mungu awalinde huko mliko, na akuoneshe njia nyeupe ya kuja kwenu.

Ni mimi wifi yako, ninayekupenda na ninayekusubiri,

Tulinagwe, mama Moses