Ukimwita Hatageuka

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba ule mgongo wako umepunguza ukorofi. Sisi huku tunapumua, na siku hizi anayepumua hujihesabu mzima. Mama bado ni wa kitandani. Mkono wa kushoto umelala vilevile, lakini ulimi umeamka, na kutwa ananigombeza kwamba chai imepoa. Akinigombeza nafurahi, maana najua yupo. Baba Kasuku anakusalimu sana. Yuko juu ya jukwaa, anapiga lipu nyumba za watu, na jioni anarudi mweupe kama mzuka.

Bila shaka Kasuku ameshafika na umeshangaa kumwona na begi kubwa kuliko yeye. Jirani yetu, mke wa kinyozi, alikuwa anakuja huko kumtazama binti yake aliyejifungua, nikamwomba anisindikizie mtoto. Nakuomba, dada, usimwulize Kasuku kitu kwanza. Mpe maji aoge, mpe chakula, kisha jifungie chumbani usome mpaka mwisho. Na mke wa kinyozi usimhoji. Anajua nusu ya habari, na habari ikipita mdomoni mwake haitoki na uzito ule ule ilioingia nao.

Unamjua Kasuku kwa nini aliitwa Kasuku. Alisema kabla hajatembea, na alipoanza kutembea akawa anasema huku anatembea. Hata mama alikuwa akiniambia nimpe mtoto kitu cha kutafuna tupumzike kidogo. Sasa mwanzoni mwa mvua hizi zilizopita alishikwa na mafua, mafua yakaingia masikioni. Akalia usiku na mchana, kisha masikio yote mawili yakaanza kutoa usaha. Nikaacha cherehani na sare za watu nusu zimeshonwa, nikamwacha mama kwa jirani, nikampeleka hospitali.

Hospitali yetu unaijua kwa nje, kwa ndani hujaiona siku hizi. Chumba cha masikio kina kufuli. Daktari wake alihamishwa, na waliomhamisha walisahau kuleta mwingine, lakini kibao cha mlangoni wamekipaka rangi upya. Tukapanga foleni ya wagonjwa wote, wenye vidonda, wenye homa na wenye mimba, benchi moja. Tabibu aliyetupokea ni kijana mpole, amechoka mpaka macho. Akammulika mtoto sikioni kwa taa ya simu yake, kwa sababu kifaa cha kutazamia masikio kiliharibika na hakuna wa kukitengeneza. Akaandika vidonge. Dirishani wakasema vimekwisha, tutafute nje. Tukatafuta. Usaha ukakauka, ukarudi. Tukarudi na sisi. Wakatuambia tusubiri daktari bingwa, anakuja kutembelea. Bingwa akaja kweli, siku hiyo umeme ukakatika na jenereta haina mafuta, akaona wachache waliokaa karibu na dirisha, akaondoka na gari lake. Sisi tulikuwa mbali na dirisha.

Wakati huo huo shuleni mambo yalikuwa yanaharibika na mimi sijui. Darasa la Kasuku watoto wamejaa mpaka wengine wanakaa chini, daftari juu ya goti. Mwalimu ni mmoja kwa madarasa mawili. Anasimama mlangoni, huku anafundisha hesabu, kule anafundisha kusoma, na katikati anafundisha kunyamaza. Kasuku alikuwa nyuma kabisa. Nikaanza kuletewa maneno kwamba mtoto ana kiburi, akiulizwa hajibu, na akijibu anajibu swali jingine, darasa zima linacheka. Akawa anatolewa nje kusimama ukutani. Dada, nilimwamini mwalimu. Hata nyumbani nilikuwa namwita mara mbili tatu haji, na siku moja nikamwambia kwa hasira, mbele ya wenzake, kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Methali nimeisema tangu utoto kwa kila mkaidi. Sasa ikinijia najiziba mdomo.

Nilivyojua ni hivi. Mchana mmoja Kasuku alikuwa amechutama njiani mbele ya nyumba, anachora chini kwa kijiti. Lori la mchanga likawa linarudi kinyumenyume kuingia pale wanapojenga. Linapiga honi. Mimi niko kwenye cherehani mlangoni, nikamwita. Mama akasikia sauti yangu akaita naye kutoka kitandani. Kinyozi akapiga kelele, mtaa mzima ukapiga kelele, na mtoto hata kichwa hakuinua. Nilikimbia, lakini utingo ndiye aliyeruka akamvuta kwa nguo. Gurudumu lilipita juu ya michoro yake. Utingo akamshika mabega akamuuliza kwa ukali kama ni kiziwi. Kasuku akamtazama mdomo, kisha akanitazama mimi, akasema, "Anasema nini, mama?"

Nilikaa chini pale pale mchangani.

Kesho yake nilikwenda hospitali na sikukaa kwenye foleni, Mungu anisamehe na wale wagonjwa wanisamehe. Nikaingia hadi kwa yule tabibu, nikamwambia sitoki. Akasimama nyuma ya mtoto, akapiga makofi. Akagonga bakuli la chuma. Kasuku alikuwa ametulia, anatazama picha za ukutani. Tabibu akafunga mlango. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba sikio la kulia anaona limeshakwenda, la kushoto huenda bado kuna kitu cha kuokolewa, lakini si kwa vidonge na si pale. "Mama, hapa hatuna cha kumpimia wala wa kumpasua. Usiendelee kutusubiri." Ndiye aliyenitajia hospitali kubwa ya mji wenu, na akaniambia ng'ambo ya barabara yake kuna shule ya watoto wasiosikia.

Lakini sikutaka kumtoa mtoto, dada. Nilisema nitapigana hapa hapa. Shule ikaita mkutano wa wazazi kuonyesha geti jipya. Nikasimama. Nikasema geti ni zuri, lakini ndani ya geti kuna watoto wanaokaa chini, kuna mtoto aliyesimamishwa ukutani kwa kosa la kuumwa, na ng'ambo ya barabara kuna hospitali ambayo chumba chake cha masikio kina kufuli. Nikaomba wamweke mbele, mwalimu awe anamtazama anapoongea. Mwenyekiti akasema malalamiko yangu yamepokelewa. Yalipokelewa kama mgeni asiyetakiwa, hata kiti hayakupewa. Mwalimu mkuu akaongeza kwamba shule yake haina uwezo wa kufundisha watoto wa aina hiyo, nitafute panapofaa. Baba mmoja nyuma akasema afadhali huyo hasikii hotuba, watu wakacheka, na nadhani hata mimi ningecheka kama angekuwa wa mwenzangu.

Nilipotoka, mwalimu wake alinifuata mpaka barabarani. Nilikuwa nimemwandalia maneno makali. Akanishika mkono, chaki bado iko vidoleni, akasema, "Mama Kasuku, nina watoto wengi kuliko macho yangu. Wako sikumwona." Akalia. Yale maneno yangu nikarudi nayo nyumbani.

Tangu hapo Kasuku akaanza kufifia. Kwa kuwa hajisikii, sauti yake imebadilika, mara anapayuka, mara inazama, na wenzake wakawa wanamwiga. Basi akaacha kusema. Kasuku wetu, dada. Anaelekeza kwa kidole kama mgeni. Na sasa nikuambie jambo nililokuficha. Kila ulipopiga simu ukataka kuzungumza naye, nikakuambia yuko nje anacheza, hakuwa nje. Alikuwa kando yangu, anatazama mdomo wangu unavyodanganya. Nilikuwa naogopa kwamba siku nitakayokuambia wewe, jambo litakuwa kweli.

Nilipomwambia baba yake tumlete kwako, alikataa mwanzo. Alisema mtoto si kiti, hahamishwi. Halafu siku moja alimkuta amekaa peke yake nyuma ya choo cha shule wakati wenzake wanacheza. Alirudi na vumbi lake la lipu usoni, na machozi yamechora njia mbili, akaniambia niandike barua. Mimi siwezi kuja naye. Nikiondoka, nani atamgeuza mama kitandani? Wewe na mimi tumeachiana ziwa, na huu ndio mgawanyo uliotufikia: mimi nimshike mama yetu, wewe unishikie mwanangu. Mpeleke hospitali hiyo upesi, kabla sikio la kushoto halijafuata mwenzake. Kisha mpeleke ile shule.

Ukitaka kusema naye, usimwite kwa nyuma, hatageuka. Mguse bega, simama penye mwanga, sema polepole bila kupiga kelele. Barabarani mshike mkono hata akikasirika.

Limebaki moja, na ndilo zito. Hajui kwamba hatarudi. Nimemwambia anakuja kwako likizo, shule ikifunguliwa nitamfuata. Nilishindwa. Jana usiku nilimpigia pasi nguo zake, asubuhi nikazipanga begini, yeye amesimama mlangoni ananitazama. Machozi yakanijia, nikageukia ukuta. Akaja akanishika taya kwa mikono miwili, akanigeuza, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi akasema, kwa ile sauti yake mpya, "Usinipe mgongo, mama. Nitajuaje unasema nini?"

Nami nilikuwa sisemi kitu.

Mwambie ukweli wewe, dada. Mwambie kabla ya likizo kwisha, ukiwa umemtazama usoni. Akikuuliza kwa nini si mimi niliyemwambia, usinitetee.

Msalimie shemeji, umwombe radhi kwa mzigo ambao hatukuuombea ruhusa. Wabusu watoto, uwafundishe kumgusa bega. Mama anasema nawe ule vizuri. Mimi namaliza hapa, maana anaita ageuzwe.

Ni mimi mdogo wako,
Mama Kasuku