Mama Mkwe Anataka Nihuishe Leseni ya Wifi Yangu Aliyefariki

Shangazi Hảo, shikamoo.

Nina mzigo kichwani na sina wa kunitua, ndiyo maana nakuandikia wewe, ambaye kila Jumamosi tunakusoma gazetini hapa saluni tukisubiri wateja, mara tunacheka mara tunafuta machozi, wala sikujua kama siku moja nami nitakuwa miongoni mwa wanaosomwa.

Naitwa Nhàn, nimeolewa na Toàn, tunaishi huku magharibi ya Houston, na familia ya mume wangu ina saluni ya kucha. Mume wangu alikuwa na dada mmoja tu, Quyên, na huyo ndiye aliyeifungua saluni, ndiye aliyekuwa na mikono ya dhahabu, wateja walikuwa wanatoka mbali kumfuata yeye. Mwaka juzi gari lake liliteleza kwenye barabara kuu siku ya mvua kubwa akafa palepale, na alikuwa ametoka tu kuihuisha leseni yake. Mimi wakati huo nilikuwa bado kwetu, mji wa Sóc Trăng, sikuwahi kumwona wifi yangu kwa macho, namjua kwa picha, na picha ninayoijua kuliko zote ni ile iliyobandikwa kwenye leseni yake, ukutani, juu ya meza ninayofanyia kazi.

Ndiyo, Shangazi, pale ndipo nilipokalishwa. Nilipofika Marekani mama mkwe aliniambia, "Kaa meza ya dada yako, kwa muda tu, mpaka upate leseni yako," nami nikakaa, ningekataaje nami ni mkamwana mgeni, mchana naosha miguu ya watu na kupiga kucha tupa, jioni nakimbilia chuo kutimiza saa mia sita za darasani, na wateja wa zamani wanaoniona kwenye kiti kile wananiita kwa jina la Quyên na mama mkwe hawasahihishi, ikafika mahali hata mimi nikiitwa Quyên naitika bila kufikiri. Mtihani wa kwanza nilianguka nikalia chooni nimefungulia maji watu wasisikie, wa pili nikafaulu, na leseni yangu ikaja kwa posta, jina langu, Shangazi, jina alilonipa baba yangu, nikaipiga picha nikamtumia mama yangu Sóc Trăng, akaizungusha soko zima akiwaonyesha wauza samaki.

Nikaitia kwenye mkoba nikaenda nayo kazini, nikijiambia leo nitaibandika. Kabla sijafungua mdomo akaingia mkaguzi wa serikali, mama mmoja mrefu mwenye kitambulisho kifuani, akatazama mabeseni, akatazama vifaa vyetu vilivyolowekwa kwenye dawa, kisha akaanza kusoma ukuta.

"Quyên ni nani hapa?"

Mama mkwe akadakia kabla mtu hajapumua. "Ndiye huyu."

"Picha haifanani naye."

"Nywele tu hizo, kakata. Na mumewe anamlisha vizuri."

Wateja wakacheka, mkaguzi naye akatabasamu kidogo, kisha akanigeukia mimi. "Wewe ndiye Quyên?"

Shangazi, leseni yangu halali ilikuwa ndani ya mkoba, chini ya kiti, inagusa kisigino changu, nami nikatikisa kichwa kwamba naam, ndimi. Akaandika maneno fulani akaondoka, na mpaka leo sijui aliandika nini.

Tulipofunga nilimwonyesha mama mkwe leseni yangu. Akaitazama kwa mbali kama mtu anayetazama kitu kilichokufa. Akasema, "Hongera. Iweke nyumbani. Ukutani pale pana mwenyewe."

"Lakini Mama, Quyên si…"

"Quyên si nini? Sema. Malizia."

Nikairudisha leseni yangu kwenye mkoba.

Akasema, "Baba yake alikufa akiwa na karatasi za ukimbizi tu. Hiyo unayoiona pale ndiyo karatasi ya kwanza katika ukoo huu iliyosema kwamba nasi tunajua kitu. Ukiitoa, mwanangu atakuwa amekufa mara mbili, na mara hii aliyemuua ni wewe."

Sasa leseni ya marehemu inaisha mwisho wa mwezi huu. Mama mkwe ameweka kompyuta kwenye chumba cha taulo, anataka niketi nisome yale masomo ya mtandaoni yanayotakiwa ili leseni ihuishwe, nijibu maswali, na mwisho niandike jina la Quyên kwamba ndiye aliyesoma. Nimemwambia mume wangu naogopa, naye anasema, "Mfanyie tu Mama, ni kubofya bofya, nani atajua? Unataka augue?" Na kweli mama mkwe amekonda, hali vizuri, asubuhi akifika saluni kitu cha kwanza ni kufuta vumbi kwenye ile leseni. Yeye amenipenda, sisemi uongo, nilipougua homa alinipikia uji akaninywesha kwa mkono wake. Nikifanya anavyotaka nitakuwa mwizi wa jina la maiti, nisipofanya nitakuwa nimemvunja mzee aliyenipokea, na nikiondoka nikatafute saluni nyingine ndoa yangu itakuwaje? Nifanye nini, Shangazi? Siku zinakwisha.

Ni mimi Nhàn.

*

SHANGAZI HẢO ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako sikuipanga foleni na nyingine. Nilikupigia simu siku niliyoisoma, na haya ninayoyaandika ndiyo niliyokuambia, ila kwenye simu nilipandisha sauti zaidi.

Kwanza pole. Umeingia nyumba yenye msiba ukakabidhiwa kiti cha maiti ukikalie, ukavishwa na jina lake, na hakuna aliyekuuliza kama linakutosha. Miaka niliyoishi kati ya saluni hizi nimeona wakwe wakali wa kila aina. Wako si mkali. Wako ana jeraha ambalo halijafungwa, na kila asubuhi analifuta vumbi.

Sasa nikugombeze. Yule mkaguzi alikuuliza swali jepesi kuliko yote duniani, wewe ni nani, na jibu la kweli lilikuwa limelala kwenye kisigino chako, nawe ukalikanyaga! Ulipoteza usingizi, ukaanguka mtihani, ukainuka, ukaipata leseni kwa jasho lako, halafu mara ya kwanza ulipoihitaji ukamwazima marehemu uso wako. Usirudie. Wanaotoa leseni wanaweza kuichukua, na wakiichukua kwa sababu ya udanganyifu wako, mama yako Sóc Trăng atawaambia nini wale wauza samaki?

Na hilo la kompyuta, usitafute jina laini la kulifunika. Kuandika kwamba maiti amesoma na kujibu maswali ni kughushi. Mumeo analiita kubofya bofya kwa kuwa vidole si vyake. Toàn, najua unasoma, mkeo ameniambia atakuwekea gazeti karibu na sahani yako: dada yako amekufa, na kazi ya kumlilia umemwachia mwanamke ambaye hakuwahi kumwona. Huoni haya? Mama yako hataki leseni ihuishwe. Anataka mtu mmoja katika nyumba ile akae naye chini amtaje Quyên kwa jina, na wewe, mkeo ameniambia kwenye simu, kila akianza unawasha televisheni.

Nhàn, umeniandikia mengi, hata uji wa homa umeutaja. Lakini hukuandika popote kwamba nyumba hiyo imefanya karamu ya kumbukumbu ya kifo chake. Nilipokuuliza kwenye simu ulisema hapana, Mama hataki isemwe, hata picha yake haijawekwa kwenye meza ya mababu, pale mnapowafukizia marehemu udi. Hapo ndipo penye ugonjwa. Mtoto aliyezikwa asipowekewa mahali pake nyumbani, mama yake atamtafutia mahali popote, hata kwenye ukuta wa saluni kati ya bango la bei na kalenda.

Basi fanya hivi. Ile kompyuta ifunge leo. Usiketi tena kwenye meza ile mpaka leseni yako iwe ukutani, na uibandike mchana watu wakiona. Ya Quyên usiiguse. Si yako kuitoa. Aliyeiweka ndiye atakayeitoa, na tarehe ikipita itakuwa picha kama picha nyingine, ilimradi pasiwe na mtu anayefanya kazi chini yake. Kaka mtu aandike mwenyewe kwa ofisi ya leseni kuwaarifu kwamba dada yake alifariki, aambatanishe cheti cha kifo. Ni kazi ya damu hiyo, si yako. Kuhusu mkaguzi, kabla hujamwambia mtu yeyote neno, nenda kwa mwanasheria anayejua lugha yenu, umweleze yote bila kupunguza. Usikimbilie saluni nyingine kujificha. Na siku ya kifo chake inakaribia, umeniambia; pika. Pika vile alivyopenda, weka bakuli lake na vijiti vyake, washa udi, hata kama mama mkwe atajifungia chumbani. Atakasirika. Mwache akasirike. Hasira ya mfiwa haijawahi kumuua mkamwana.

*

Nilidhani nimemaliza, lakini wiki tatu baadaye Nhàn akaniandikia tena. Kwa ruhusa yake nachapa kipande hiki.

"Shangazi, niliibandika asubuhi, Toàn akinishikia kiti nisianguke. Mama alipoingia akaiona, akageuka akarudi nyumbani kwa miguu, na siku kadhaa hakusema nami. Aliniambia neno moja tu, kupitia mlango: 'Umenifukuzia mwanangu.' Kabla ya hapo Toàn alisoma gazeti lako mpaka mwisho, akalikunja, akaenda kuandika ile barua ya ofisi. Ilimchukua mchana mzima. Nilimsikia akilia, na kabla ya siku hiyo sikuwahi kumsikia akilia.

"Siku ya kumbukumbu nilipika supu ya ukwaju na samaki wa kupikwa katika chungu cha udongo. Sikujua Quyên alipenda vipi, nilipika kwa kukisia. Mama alikuwa amejifungia. Harufu ilipoenea nikasikia mlango, akaja jikoni amevaa kandambili, hanitazami, akachukua kijiko akaonja.

"'Nani katia sukari yote hii? Quyên hapendi samaki mtamu hivi.'

"Nikasema, 'Samahani, Mama. Nifundishe.'

"Akatia pilipili manga, akatia sosi ya samaki yenye chumvi, akakoroga. Kisha mkono ukasimama. Akasema polepole, kama mtu anayejifunza lugha, 'Alikuwa hapendi. Alikuwa hapendi.' Akakaa sakafuni. Toàn akaja akakaa naye, nami nikazima moto, nikakaa upande wa pili. Alilia kilio ambacho nadhani kilikuwa kinamngoja tangu siku ya ile mvua. Chakula kilipoa chote. Tulimwekea Quyên bakuli lake hivyo hivyo, limepoa.

"Leseni yake Mama ameitoa mwenyewe. Alikwangua gundi kwa kisu cha jikoni, taratibu, asiichane. Sasa iko nyumbani kwenye meza ya mababu, karibu na baba mkwe. Mwanasheria amenishauri nijieleze kwa ofisi kabla hawajaniita, nimejieleza, sasa nasubiri. Huenda wakanitoza faini, huenda wakanisimamisha. Nikifikiria sipati usingizi.

"Jana hatukuwa na wateja. Mama alikuja akaketi kwenye kiti cha mteja mbele yangu, akatia mikono kwenye bakuli la maji bila kuniuliza. Kucha zake zimekatika zote kwa sababu ya dawa, ameosha taulo na vifaa vya watu miaka na miaka, na hajawahi kutengenezwa hata kidole. Akasema, 'Usiweke rangi. Zikate fupi tu.' Nikazikata."

Nhàn, mwanangu, subiri jibu la ofisi ukiwa umesimama wima. Wakikutoza, lipa, wakikusimamisha, kaa nyumbani kipindi chao kiishe, usishike tupa hata kwa jirani. Mikono ya mama mkwe ipake mafuta kila jioni na umnunulie glavu za kazi, azivae. Na leseni yako nayo ina tarehe ya mwisho, imeandikwa pale chini kwa herufi ndogo. Panda kwenye kiti uisome leo.