Mke Anayerudishwa Kila Jumamosi

Jumatatu, 4 Machi

Nyumba haibomolewi! Narudia ili nami niamini: haibomolewi. Pande tatu tumezungukwa na ghorofa, upande wa nne kituo cha mafuta, sisi katikati na kuta zetu za udongo, kila mtu akisubiri greda. Leo manispaa wanasema tubaki.

Wamemtuma afisa, mama wa miwani mikubwa. Neno "vivutio" halimtoki mdomoni. Nimeshambatiza: Mama Vivutio. Anasema hapa palikuwa kijiji kizima, mji umekimeza, na nyumba hii ndiyo pekee iliyobaki. Sasa itaitwa Nyumba ya Kijiji. Kila Jumamosi wageni watakuja kuona watu wa zamani walivyoishi. Ila kuna sharti — ndani awemo mwenyeji halisi, anafanya kazi za zamani mbele ya wageni.

Mwenyeji halisi ni nani? Mama mkwe wangu! Peke yake. Mume wangu alizaliwa hospitali ya mjini. Mimi ndiyo kabisa, nilishushwa hapa na basi.

Mkwe akauliza kazi za zamani ndiyo zipi. Kutwanga, akaambiwa. Kusaga kwa jiwe. Kuchota maji kwa mtungi. Uso ulivyomshuka! Nilikimbilia uani nikacheka mpaka mbavu zikaniuma.

Alhamisi, 7 Machi

Televisheni imetoka sebuleni. King'amuzi nacho. Nilimwambia mkwe kwa adabu zote: Mama, watu wa zamani hawakuwa na tamthilia. Mume wangu akaibeba hadi karakana yake anakotengenezea friji, bila neno. Huwa hana neno huyu. Ndiyo maana humu namwita Bubu.

Mkwe ananuna. Tamthilia yake ya jioni imefika patamu, anasema. Na anune! Mimi nilipoletwa hapa bibi harusi, alinipigisha magoti kwenye jiwe la kusagia, majirani wamejaa uani, na mashine ya unga inanguruma pale pale ng'ambo ya njia. "Tuone mikono ya mjini inajua nini." Wakacheka hadi wakashikana mabega. Viganja vyangu vilitoka malengelenge, usiku nikashindwa kushika hata kikombe.

Jiwe lenyewe tumelikuta linaegemeza pipa la taka. Nimelisugua mwenyewe, kwa mapenzi.

Jumamosi, 16 Machi

Tumefungua! Watu si haba. Wa ghorofani waliokuwa wanatutupia maganda ya ndizi uani leo wamekuja na watoto wao wamevaa vizuri.

Mama Vivutio anawatembeza yeye mwenyewe. Hapa palikuwa malisho — maegesho ya magari. Hapa palikuwa chemchemi — pampu ya dizeli. Wanaitikia "aaah". Kisha anawafikisha kwenye Kisima cha Kale, kina kibao na ukuta mdogo umepakwa chokaa. Wanainama, wanachungulia, wanatupa sarafu, wanafumba macho na kuomba dua zao.

Kisima gani? Lile ni shimo la choo cha marehemu baba mkwe! Nilimwambia Bubu tuseme. Akainua mabega. Basi na waombe.

Mkwe alisaga. Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni. Mgeni mmoja akaniuliza, jamani, bibi hachoki? Nikamjibu watu wa zamani walikuwa hawachoki. Mkwe akanitazama. Jicho lile! Nikamwongezea mahindi.

Jumapili, 17 Machi

Mkwe hawezi kuinua mikono. Ameniomba nimfunge kilemba. Ameniomba! Nimemfunga. Nimekaza kidogo kupita inavyotakiwa.

Jumanne, 26 Machi

Sikuandika. Sikuwa na hamu.

Jumamosi mkwe aliliacha jiwe katikati ya kazi, akajipangusa mikono, akakaa kwenye kigoda na kuanza kusimulia. Sauti ilivyokuwa tamu! Sikujua anayo. Wageni wakakaa chini mmoja mmoja. Mmoja akaninyooshea kidole, na huyu ni nani?

"Huyo mke wa mwanangu. Miaka yote hii hajapata hata mimba ya kuharibika. Enzi za kijiji, wa namna hiyo alikuwa habembelezwi. Anafungiwa furushi, mume anamtoa mpaka langoni, wanawake wanapiga vigelegele, anarudi kwao."

Nilikuwa nimeshika sinia la vikombe. Nikasema moyoni sasa watamwona alivyo mbaya. Wapi! Maswali yakamiminika. Alirudishwa na nini? Alikuwa analia? Furushi lilikuwa na nini ndani? Simu zote zikanigeukia mimi na sinia langu. Jiwe hakuna aliyelitazama tena.

Mama Vivutio macho yanamwaka. Anasema hiki ndicho kilichokuwa kinakosekana.

Jumamosi, 30 Machi

Leo nimerudishwa kwetu. Mara mbili — kundi la asubuhi na kundi la mchana.

Jana Mama Vivutio alikuja kutufundisha. Ni igizo tu dada yangu, usilichukulie moyoni, nani anaweza kulicheza vizuri kuliko wewe? Nikasema sitaki. Akashusha miwani: wakubwa wameipenda, na orodha ya kubomoa bado iko mezani. Nikamtazama Bubu. Bubu akatazama dari.

Basi. Mkwe anasimulia. Bubu anatoka chumbani na furushi, shuka iliyojazwa vipande vya sponji. Ananikabidhi. Ananishika kiwiko, ananitembeza hadi langoni. Mkwe anapiga kigelegele, wageni wa kike wanadakia. Lango linafungwa. Nasimama barabarani na sponji zangu, pikipiki zinapita, muuza vocha wa kibandani ananichungulia. Makofi yakiisha naruhusiwa kuingia kugawa chai.

Mara ya pili nililia. Wakapiga makofi zaidi.

Na kwetu kwenyewe kuko wapi? Mama amekufa, kaka ameuza nyumba na kuhama, hata salamu haleti. Nikitolewa hapa kweli, sina mlango mwingine duniani wa kugonga. Mkwe anajua. Ndiyo maana sauti yake inakuwa tamu.

Jumatano, 3 Aprili

Nilikwenda kwa kinyozi wa pale nyuma. Familia yake ilikuwa hapa kabla ya barabara. Nikamuuliza, hivi kweli kijijini walikuwa wanarudisha wake? Akasimamisha mashine kichwani pa mteja. Akasema hajawahi kusikia kitu kama hicho, mke mkubwa wa babu yake hakuzaa hata mmoja na amezikwa kwa heshima. Watu wenyewe walikuwa wachache, alisema, mashamba makubwa, nani angefukuza mikono ya kulima?

Nikarudi mbio. Nikamkuta mkwe amelala chali, miguu juu ya mto. Mama, umelitoa wapi jambo hili?

Hata hakushtuka. "Wewe si ulininyima televisheni? Ndipo tulipokuwa tumefika. Yule mke anatolewa na furushi, mvua inanyesha. Mvua tu ndiyo nimeitoa."

Tamthilia! Nimefukuzwa na tamthilia!

Nikamwambia nitamweleza Mama Vivutio kwamba ni uongo. Akacheka taratibu. Waliokuwepo wote wamekufa, alisema, nani wa kunikatalia? Wewe uliyeshushwa na basi? Kisha akaniagiza maji ya moto ya kukanda mabega.

Nilimletea. Ya moto kweli kweli. Alipiga ukelele mmoja, kisha akayapenda.

Jumamosi, 6 Aprili

Wameongeza mke mpya.

Eti wageni wanauliza, baada ya hapo ikawaje? Mama Vivutio akamvuta binti anayekata tiketi getini, akamfunga kitenge changu — changu! — akamkalisha kwenye kigoda changu cha jikoni. Binti mwenyewe hana ubaya. Aliniomba radhi sikioni, dada nisamehe, nimeambiwa. Ana mashavu yale ya watu wanaolala vizuri.

Mimi niko nje na furushi. Nachungulia kwenye upenyo wa lango. Mkwe anamshika binti tumbo mbele ya wageni, anasema hapa ndipo ukoo unapoendelea. Vicheko. Bubu amesimama pembeni yake.

Bubu alitabasamu. Nimemuona. Si tabasamu la igizo, hilo nalijua, limebana hivi, la kuvaa kiatu kisichokutosha. Hili lilikuwa lake mwenyewe.

Jioni nikamuuliza ulikuwa unacheka nini. Akasema amechoka, kuna friji ya bucha inamsubiri.

Ijumaa, 12 Aprili

Leo naandika jambo nisilowahi kuandika, maana nimeshalitamka.

Tulikwenda hospitali, mimi na Bubu, kwa siri, zamani. Tukapimwa wote wawili. Daktari akasema mimi sina tatizo lolote. Kisha akageuza kiti upande wa Bubu. Bubu akatazama viatu vyake. Njiani alilia, mwanaume mzima, kwenye kituo cha basi, watu wanapita. Akanishika mikono: Mama asijue, nitakufa. Nikamwambia hatajua. Nikabeba mimi. Mgumba ni mimi, mti mkavu ni mimi, kila sherehe ya mtoto wa jirani napewa pole mimi. Nilimpenda, ndiyo! Nilimwonea huruma nikadhani ndiyo ndoa.

Na yeye kila Jumamosi ananishika kiwiko ananitoa langoni!

Nimemkuta karakana, amepiga magoti nyuma ya friji. Nikasema kesho Mama akimaliza hadithi yake, nami nitasimulia yangu. Mbele ya wageni, mbele ya Mama Vivutio, mbele ya mama yako. Nitawaambia daktari alimgeukia nani.

Alikuwa ameshika bisibisi. Akasema nyumba itabomolewa. Nikasema ibomolewe. Akasema, Mama je, na presha yake? Nikasema mwenye kusaga mahindi hafi kwa neno. Akaendelea kufungua skrubu, moja moja, anazipanga kwenye kifuniko.

Nilisubiri aseme "usiku tuzungumze". Aseme hata "mke wangu". Hakusema. Nimerudi nyumbani, nimekoga, nalala mapema.

Jumamosi, 13 Aprili

Niko kwenye benchi la muuza vocha, ng'ambo ya lango letu. Naandika haraka.

Leo hatukuanza na hadithi ya mkwe. Nilikuwa nimesimama tayari, maneno yote nimeyapanga. Mama Vivutio akaja akininong'oneza: leo tunaanza na kutolewa, mumeo ameomba, anasema inasisimua zaidi. Nilikuwa sijafungua mdomo, Bubu kashatoka chumbani na furushi. Kiwiko. Lango. Vigelegele. Komeo nikalisikia — kwenye igizo huwa hatuweki komeo.

Furushi zito. Nikadhani wameongeza sponji.

Nimelifungua hapa benchini. Gauni zangu. Viatu vyangu vya kanisani vimefungwa gazeti kila kimoja. Picha ya mama. Daftari hili, katikati ya sweta mbili lisikunjike. Dawa yangu ya pumu, na chupa ya akiba. Hata kipande cha sabuni. Si mkwe aliyefungasha haya! Mkwe angetupa. Na fundo nalijua, la kuvuka mara mbili na kurudi chini, ndivyo anavyofungia friji za wateja zisitikisike. Bubu amenifukuza kwa uangalifu mkubwa.

Jana usiku nililala fofofo, na yeye anakunja nguo zangu gizani.

Mkwe hajui chochote. Namsikia kutoka huku: "Yuko wapi huyo? Chai ya wageni nani anapika?" Muuza vocha ananiuliza dada, leo mbona umekaa muda? Nimemwambia napumzika.

Kundi la pili limefika. Wengi, wengine wamesimama juu ya ukuta wa kisima kile wapate kuona. Mama Vivutio ametoa kichwa langoni, ananipungia. Rudi dada, haraka, tunaanza upya, kundi hili linataka kuona yote!

Nimemwambia nakuja, nafunga furushi. Maneno yangu ya jana bado ninayo yote.

Bubu ameniona nikiinuka. Amekamata lango kwa mikono miwili, anasukuma lifungwe. Mama Vivutio anavuta lifunguke, anamkaripia, baba vipi, watu wamelipa! Kilemba cha mkwe kinaonekana nyuma yao, anamuuliza mwanawe ana nini. Bubu anasukuma, shingo imemtoka mishipa. Wageni wanacheka, wamenyanyua simu zao. Wanadhani ndiyo igizo limeanza.

Nimevuka barabara nusu. Nimesimama hapa katikati naandika kwa kalamu ya muuza vocha, magari yananipigia honi