Macho ya Mama

Canterbury

Mdogo wangu Wulfric,

Huku hatujambo. Bata bukini wametaga mapema, na macho ya Mama yamepona. Nilimpelekea maji yenye tone la damu ya Askofu Mkuu, yule aliyegombana na Mfalme hadi askari wakamuulia kanisani. Alinawa nayo siku tatu. Sasa anatia uzi kwenye sindano mwenyewe.

Watawa wenzangu bado wanauliza nani aliwaonyesha hao askari kimlango cha jikoni. Nasema sijui. Uliponiuliza kinafungwaje, huku unakula mkate wangu, nilikujibu kwa kuwa wewe ni ndugu yangu.

Mama anasema, “Mwambie huyo mtoro aje nimtazame usoni, nijue kama bwana anayemtumikia anamlisha.”

Usije, Wulfric. Sasa anaona vizuri.

Kaka yako,
Ailwin